Ng'ombe Watatu Walianguka Katika Shamba la Mtama la Jirani

BARUA

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Tangu baba yangu alipoanza kusumbuliwa na miguu, ndiye mimi ninayesimamia zizi la familia, ambalo kwa sasa lina ng'ombe 38 na mbuzi wachache. Kabla ya Desemba iliyopita ng'ombe walikuwa 45. Saba walikufa ndani ya majuma mawili, na vifo hivyo vimeacha ugomvi ambao mpaka sasa, mwisho wa Mei, tunapoanza kuvuna, haujaisha.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Novemba. Ng'ombe walikuwa wamekonda mno, kwa kuwa tangu Septemba hawakuwa na chakula isipokuwa nyasi kavu za porini na mabua yaliyosahaulika mashambani. Wiki ya kwanza ya Desemba kijana anayetuchungia aliwapeleka asubuhi na mapema katika shamba la jirani lililokuwa limelimwa mtama, ambako visiki vilikuwa vimechipua majani mabichi yanayofika magotini. Shamba hilo lilivunwa tangu Juni, na kwa desturi ya kijiji chetu shamba lililokwisha kuvunwa huchungiwa na yeyote. Kijana anasema hawakukaa hata saa moja. Jike mmoja alianza kutweta, akayumba, akaanguka akirusha miguu. Kabla huyo hajakata roho, wengine wawili wakaanguka. Wawili walikufa palepale na wa tatu aliwahiwa kisu. Aliyechinja alishangaa jinsi damu ilivyokuwa nyekundu ya kung'aa kupita kawaida. Nyama ya wote watatu tuliigawa kwa majirani, na hakuna aliyeugua.

Baba anaamini kwamba mwenye shamba alinyunyiza sumu, kwa sababu siku chache kabla yake walikuwa wamegombana juu ya mbuzi wetu walioingia katika bustani yake. Jirani anakana. Shauri limefika kwa mwenyekiti wa kijiji, na wazee hawa wawili, ambao wametahiriwa pamoja, sasa wanapishana njiani bila salamu.

Wanne waliosalia walikufa kwa namna nyingine. Ilinyesha mvua kubwa ya usiku yenye baridi, na asubuhi tukawakuta wamelala katika matope ya zizi, hawawezi kuinuka. Wawili walikuwa majike waliozaa Oktoba, mmoja jike mzee, na mmoja dume mchanga. Mwenye duka la dawa alituuzia sindano za vitamini na za oksitetrasaiklini, tukawachoma wote. Fedha ilikwenda, na hakuna aliyeinuka. Hata jozi zetu mbili za maksai wa kulimia zilishindwa kuvuta jembe, tukachelewa kupanda.

Naomba unieleze kama ni kweli walipewa sumu, na nifanye nini ili mwaka huu yasitufike tena. Nimemshauri baba tuuze baadhi ya ng'ombe ili tununue chakula, lakini anasema kwamba mtu aliyekwisha kupoteza saba hawezi kupoteza wengine kwa hiari. Tunayo madume manne, na majike watatu ambao sikumbuki mara ya mwisho walizaa lini, lakini hataki wauzwe.

Mwalimu na mfugaji, Chamwino.

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na poleni sana nyote kwa hasara hiyo.

Naanza na jirani yenu, kwa sababu ng'ombe saba hawawezi kurudi, lakini ujirani bado unaweza kuokolewa. Sumu ilikuwapo katika shamba lile, ila haikuwekwa na mtu. Ilikuwa ndani ya majani ya mtama wenyewe.

Mtama una kemikali ambayo, jani linapotafunwa na kuchanganyika na mate na maji ya tumboni, hutoa sianidi. Katika mmea uliokomaa kiasi chake ni kidogo na ng'ombe hana shida nacho. Lakini katika machipukizi yanayoota kwenye visiki baada ya mvua ya kwanza, na katika mtama mchanga ulionyauka kwa jua, kiasi hicho huwa kikubwa, hasa kabla mmea haujafikia kimo cha nusu mita au zaidi kidogo. Sianidi haizuii mapafu kuvuta hewa. Huzuia mwili kuitumia hewa ambayo damu imekwisha kuibeba. Ndiyo maana mnyama hutweta kama aliyekimbizwa ilhali damu yake imejaa hewa, na ndiyo maana damu ile ilikuwa nyekundu ya kung'aa. Mchinjaji wenu aliona dalili kubwa kuliko zote bila kujua maana yake.

Mimi sikuwaona wanyama wenyewe, wala hakuna kipande cha tumbo kilichopelekwa maabara. Hata hivyo mambo matatu uliyoyaeleza, yaani machipukizi yanayofika magotini, ng'ombe wenye njaa walioingia asubuhi bila kitu tumboni, na kifo kilichokuja ndani ya saa moja, yanaelekeza mahali pamoja. Viuatilifu vya mashambani huua kwa namna tofauti: mnyama hutokwa na mate mengi na machozi, huharisha, misuli humchezacheza, na mara nyingi huteseka kwa muda mrefu zaidi. Tena, ni nani angenyunyiza dawa ya gharama juu ya visiki vya shamba lililovunwa miezi sita iliyopita? Ningependa sehemu hii ya barua isomwe kwa mwenyekiti wa kijiji, wazee wote wawili wakiwepo, na afisa mifugo wa kata aalikwe ili aeleze kwa kinywa chake, kwa kuwa jambo hili si geni kwa wataalamu wa mkoa unaolima mtama mwingi kama wenu.

Likitokea tena, waondoeni wote shambani mara moja bila kuwakimbiza, na mpigieni simu daktari wa mifugo wakati mnawaondoa, si baada ya hapo. Dawa yake ipo na huchomwa katika mshipa, lakini huwa na maana ikiwahi tu. Anayekuwa bado hai baada ya saa mbili hivi, kwa kawaida hupona.

Sasa nina neno moja la kukukaripia, nawe utanisamehe. Mnyama aliyekufa ghafla hapasuliwi wala haliwi, hata kama nyama yake inaonekana safi. Safari hii mlinusurika kwa sababu chanzo kilikuwa mtama. Kama kingekuwa ugonjwa wa kimeta, mngeokota vimelea kwa mikono na kuvigawa nyumba kwa nyumba, na pale mlipomwaga damu pangebaki na mbegu za ugonjwa kwa makumi ya miaka. Katika kimeta mzoga huvimba upesi, haukakamai vizuri, na damu nyeusi isiyoganda huweza kutoka puani na katika njia ya haja kubwa. Lakini msisubiri kuziona dalili hizo zote. Mzoga wa kifo cha ghafla unafunikwa, mbwa wanafukuzwa, na afisa mifugo anaitwa. Akithibitisha au kushuku kimeta, huchomwa au huzikwa katika shimo la kina cha mita mbili hivi.

Kuhusu mtama wa mwaka huu, nafasi iko mikononi mwenu wiki hizi. Mabua yaliyokauka vizuri hayana hatari hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hupotea yanapokauka. Ni chakula, na kuyaacha yaliwe na mchwa ni hasara. Ombeni au nunueni mabua ya jirani mara tu avunapo (hilo nalo litasaidia kurudisha salamu), yakatwe karibu na ardhi, yakauke, kisha yabebwe nyumbani. Visiki vinavyoweza kung'olewa ving'olewe. Ikifika mvua ya kwanza, shamba lolote lililokuwa na mtama liwe mwiko kwa mifugo mpaka machipukizi yapite kimo cha kiuno, na kijana anayechunga aoneshwe shamba kwa shamba, maana kwa mbali chipukizi la mtama na la mahindi hufanana. Siku mtakayowapitisha karibu na mashamba hayo, wapeni kwanza nyasi kavu zizini. Tumbo lililojaa halina pupa.

Wale wanne waliolala matopeni walikufa kwa njaa, na mvua ilikuja tu kumaliza kazi iliyoanzwa na kiangazi.

Naijua hoja itakayofuata: wengine thelathini na zaidi walikuwa na njaa ileile na hawakufa. Ni kweli, lakini tazama waliokufa ni nani. Waliozaa Oktoba walikuwa wakitoa maziwa kutoka katika nyama ya miili yao wenyewe. Jike mzee meno yamekwisha. Dume mchanga alikuwa bado anakua. Mnyama aliyepoteza mafuta ya chini ya ngozi hana blanketi; akilowa usiku, joto la mwili hushuka, misuli hukataa, na akishalala upande mmoja kwa saa nyingi, uzito wake mwenyewe huua miguu aliyoilalia. Vitamini haijazi tumbo. Oksitetrasaiklini ni dawa ya maambukizi ya bakteria, na mwenye duka aliyewauzia kwa ajili ya njaa aliwatoza fedha ambayo ingenunua magunia ya mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Isitoshe, maziwa na nyama ya mnyama aliyechomwa dawa hiyo hayafai kuliwa mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite, na nina shaka kama mliambiwa hivyo.

Basi tuhesabu. Ng'ombe wa asili wa Dodoma, mwenye kilo 200 hadi 250, anahitaji chakula kikavu cha kilo tano hadi saba kwa siku. Kuwalisha wote 38 zizini kwa miezi yote ya kiangazi hamtaweza, wala sikushauri mjaribu. Wanaojaribu kumlisha kila mmoja kidogo humaliza akiba Septemba na kuingia Novemba mikono mitupu. Wagawanyeni. Chagueni wale ambao njaa itawaua au ambao kazi yao itahitajika: tuseme majike wanane wenye mimba kubwa au wanaonyonyesha, pamoja na maksai wenu wanne. Hao 12 wakipewa kila mmoja kilo 3 za hei (nyasi zilizokatwa na kukaushwa) au mabua na kilo 1 ya mashudu ya alizeti kila jioni warudipo malishoni, kuanzia katikati ya Septemba mpaka katikati ya Desemba, yaani siku 90, mtahitaji kilo 3,240 za malisho makavu na kilo 1,080 za mashudu. Waliobaki wataendelea na malisho ya porini na mabua ya ziada.

Kilo 3,240 zinatisha zikiandikwa karatasini, lakini zipime kwa marobota. Sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, hutoa robota la kilo 20 hivi mtu akishindilia kwa miguu vizuri, kwa hiyo mnazungumzia marobota 162. Kwa nyasi za kukata mmechelewa kidogo, kwa sababu wakati wake hasa ni pale karibu nusu ya nyasi zinapokuwa zimechanua, na kwenu hiyo ni Machi au Aprili. Zinazokatwa sasa zina shibe kuliko lishe. Tegemeeni zaidi majani ya karanga na ya kunde, ambayo watu wengi huyaacha shambani ingawa ni bora kuliko hei ya kawaida, kisha mabua ya mahindi, ya uwele na ya mtama. Yawekwe juu ya kichanja, chini ya paa, mbali na moto wa jikoni. Matunda ya migunga yanayodondoka wakati wa kiangazi nayo yana protini ya kutosha. Watoto wakiyaokota kwa magunia na yakatwangwa kidogo ili mbegu zisipite tumboni nzima, yatapunguza mahitaji ya mashudu.

Mabua yanaweza kuboreshwa kwa mbolea ya yurea, nami nalitaja hili kwa tahadhari, kwa kuwa nimeona linafanywa ovyo. Kilo 4 za yurea huyeyushwa kabisa katika lita 60 za maji, hunyunyizwa sawasawa juu ya kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, kisha hufunikwa kwa nailoni bila kuacha upenyo kwa majuma matatu. Yakifunuliwa huachwa yapigwe hewa mpaka harufu kali ipungue. Ni chakula cha ng'ombe wakubwa tu: ndama ambao bado hawacheui, punda na nguruwe wasipewe kabisa. Yurea isiyoyeyuka, au maji yake yakiachwa ndooni mnyama akayanywa, huua kwa haraka ileile mliyoiona shambani. Kama hakuna mtu makini wa kusimamia, acheni.

Mashudu yanunuliwe Julai au Agosti, wakati viwanda vya kukamua alizeti vya Dodoma na Singida vinafanya kazi mfululizo baada ya mavuno. Anayesubiri Novemba hununua kwa bei ya mwenye shida. Chagueni yaliyo makavu, yasiyo na ukungu, na myaweke juu ya mbao.

Fedha ya mashudu itatoka zizini, na hapo ndipo tunamfikia Mzee. Neno lake kwamba hawezi kupoteza wengine kwa hiari lina heshima yake, na usilijibu kwa kumwonesha hesabu za mwalimu. Yeye amepita viangazi vingi kuliko wewe na mimi, na kwake ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni matanga, ni jina la ukoo. Kwa hiyo usimwambie habari ya kupunguza. Mwombe akuchagulie. Mwite mtaalamu wa uhimilishaji au afisa mifugo aje kupima mimba majike wote mwezi huu wa Juni, Mzee akiwa ameketi palepale zizini, na kila matokeo yasemwe mbele yake. Ikijulikana kwamba wale majike watatu hawana mimba kwa mwaka mwingine tena, atakayewataja wa kwanza kuuzwa huenda akawa yeye mwenyewe. Madume manne kwa zizi lenu ni mengi. Dume mmoja mwenye afya huhudumia majike 25 hadi 30. Mwache achague dume bora wa kubaki, na wa akiba kama moyo wake hautulii.

Mweleze pia jambo moja la mnadani. Ng'ombe anayekwenda mnada wa Msalato Juni akiwa na kilo 250, akikaa mpaka Novemba anaweza kuwa na 200, na wakati huo kila mfugaji aliyebanwa ameleta wa kwake, hivyo hata kilo zilizobaki hulipwa kidogo. Tofauti hiyo ndiyo gharama ya mashudu. Majike watatu tasa na madume mawili wakiuzwa sasa, mnapata fedha ya mashudu, na wanaogombea nyasi zilezile wanapungua watano. Chukueni kibali cha kusafirisha mifugo kabla ya kutoka, wala msiwatembeze usiku kukwepa kizuizi. Fedha hiyo iandikwe katika daftari kwa jina la mashudu, na Mzee aoneshwe magunia yanapoingia ghalani. Wazee wengi hawachukii kuuza. Wanachukia kuona ng'ombe amegeuka kuwa simu.

Kama kijiji kina eneo la malisho lililotengwa, jitahidini liwe na sehemu inayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Wasukuma huiita ngitili, Wamasai wana alalili kwa ajili ya ndama na wagonjwa, na katika mkoa wa Shinyanga mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulirudisha ngitili nyingi zilizokuwa zimekufa. Serikali ya kijiji ina mamlaka ya kulipanga hilo katika matumizi ya ardhi. Ninyi mwanzeni na kipande chenu, hata kama ni ekari mbili karibu na nyumba kwa ajili ya ndama, na mbegu ya nyasi za senkrasi zinazostahimili ukame mwulizie katika vituo vya utafiti wa mifugo vya Mpwapwa na Kongwa, ambavyo haviko mbali nanyi.

Juu ya dawa na chanjo nitakuwa mfupi. Dawa ya minyoo inayolipa zaidi ni ya sasa, mvua zinapokatika, kwa sababu mnyama akisafishwa mwezi Juni hapati minyoo mingi tena katika nyasi kavu, na chakula kidogo cha kiangazi kinakuwa chake peke yake. Pimeni uzito kwa futi inayozungushwa kifuani badala ya kukisia, na albendazoli wasipewe majike ambao hawajamaliza siku 45 tangu wapandwe. Chanjo za chambavu, kimeta, homa ya mapafu na ugonjwa wa mapele ngozi zipangwe na afisa mifugo kati ya Julai na Septemba, wakati wanyama bado wana nguvu, maana mwili uliochoka haujengi kinga vizuri. Ulizeni pia juu ya kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa mwaka 2025, ambayo serikali huchangia gharama. Kupe wataongezeka mvua ikianza, na kuogesha kila wiki kutarudi; wanyama wanywe maji kabla ya kuingizwa joshoni ili wasinywe dawa, na waliodhoofu wasiogeshwe jioni ya mvua.

Ukiona ng'ombe wanatafuna mifupa porini mwezi wa Septemba au Oktoba, usimwachie kijana aone ni mchezo. Wanatafuta fosforasi, na mifupa ya mizoga hubeba sumu inayolegeza misuli mpaka mnyama ashindwe hata kumeza. Jiwe la madini lenye fosforasi, si chumvi tupu, liwekwe zizini tangu Julai. Na maji: ng'ombe mkubwa katika joto la Oktoba huhitaji lita 30 hadi 50 kwa siku, na akinyweshwa siku moja moja kwa kurukaruka hula kidogo, hata kama kihori kimejaa mashudu.

Kila mwisho wa mwezi, pita nyuma ya kila mmoja wa wale 12 na umwekee kiganja kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Ukihisi ncha za mifupa zimezungushiwa nyama kidogo, yuko salama. Ncha zikichoma kiganja kama vidole vikavu, na shimo pande mbili za shina la mkia limezama, huyo aongezewe chakula wiki hiyohiyo, maana hatainuliwa kwa siku tatu za Desemba. Ngozi yenye manyoya marefu ya msimu hudanganya macho, mkono haudanganyiki.

Mvua ya kwanza ikishuka, msisimamishe chakula kikavu. Wengi hufanya kosa hilo kwa furaha ya kuona kijani. Majani ya wiki za mwanzo ni maji matupu, ng'ombe huyafukuzia mbali akitumia nguvu nyingi kuliko anazopata, na tumbo lililozoea makavu huharisha. Endeleeni kuwapa mabua na mashudu kwa majuma mawili hadi matatu baada ya mvua kuanza. Kabla ya Novemba inueni sehemu moja ya zizi kwa udongo na changarawe ili isituamishe maji, iezekeni hata kwa mabua ya uwele, na usiku wa mvua wale dhaifu na ndama walale humo. Maksai waongezewe hadi kilo 2 za mashudu kuanzia mwisho wa Oktoba, kidogo kidogo, wala msiwamwagie pumba nyingi kwa siku moja kwa haraka ya kulima, kwa sababu tumbo litachacha na mtawapoteza.

Akilala mmoja licha ya yote hayo, asivutwe mkia wala kupigwa. Mlazeni kifudifudi juu ya kifua chake, magunia ya nyasi yakimwegemeza pande zote mbili, mahali pakavu. Mgeuzeni upande kila baada ya saa tatu hivi, usiku pia. Mfunikeni kwa magunia, mpeni maji ya uvuguvugu yenye sukari au molasesi, na nyasi laini mkononi mara nyingi kwa kidogo. Anayekula na kucheua akiwa amelala ana tumaini. Aliyekataa chakula siku mbili mfululizo mwiteni daktari aamue naye mapema.

Limebaki suala la kuzaa Oktoba. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, kwa hiyo waliozaa Oktoba walipandwa mwanzoni mwa Januari, na mkitaka ndama waje na majani ya Desemba au Januari, dume aruhusiwe kuanzia katikati ya Machi. Katika malisho ya pamoja hilo haliwezekani kwa zizi moja peke yake, maana dume wa jirani hasomi kalenda yenu. Zungumzeni nyumba nne au tano mnaochunga pamoja mkubaliane tangu mapema, na madume wafungwe zizini au wachungwe peke yao kuanzia Desemba. Majike wenye mimba sasa watazaa watakapozaa. Hao afisa mifugo atakapowapima Juni, mwombe akuandikie makadirio ya mwezi wa kila mmoja, kwa kuwa orodha hiyo ndiyo itakayoamua ni wanane gani wanaoingia katika kundi la mashudu.